Kutoka kushika maiki hadi kufundisha kujilinda: maswali mnayoniuliza kila wiki

Maswali haya huja kwa kila njia: ujumbe wa simu saa sita usiku, mama anayenivuta pembeni darasa likiisha, na siku moja kondakta wa daladala ya Mbagala alinihoji huku akidai nauli. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Mengine nimeyajibu kirefu, mengine hayahitaji.

Kabla ya kufundisha ulikuwa unafanya kazi gani?

Nilikuwa mtu wa sauti kwenye seti za filamu, hapa hapa Dar es Salaam. Miaka minane. Muvi zetu nyingi wakati ule zilishutiwa kwa wiki moja au mbili ndani ya nyumba ya kukodi, Sinza au Mbezi, na watu wachache ambao kila mmoja ana kazi tatu. Mimi nilishika maiki, nikakunja nyaya, na mchana nikagawa wali maharage. Wasanii wengi hawakulijua jina langu. Waliniita Dada Maiki, na wanafunzi wangu nao wamelirithi.

Kwa wasioijua kazi hiyo: una fimbo ndefu, mwishoni kuna maiki iliyovalishwa manyoya ya kuzuia upepo, na unainyanyua juu ya vichwa vya wasanii bila kuingia kwenye picha wala kutupa kivuli ukutani. Fimbo yenyewe nyepesi. Ishikilie mikono juu kwa dakika nne ndipo tuzungumze. Mabega yanawaka moto na huruhusiwi hata kuhema kwa nguvu, kwa sababu maiki inasikia. Kwenye hedifoni unamsikia msanii akimeza mate, unalisikia tumbo lake likinguruma kwa njaa. Kazi yote ni kunyamaza na kusikiliza.

Sasa ilikuwaje ukahamia huku?

Siku hiyo tulikuwa tunashuti sini ya binti anayevamiwa kwenye korido. Dairekta alitaka ukelele, na hakuridhika mpaka teki (rudio la kurekodi) ya kumi na moja. Tukamaliza saa nne usiku. Nikatoka kwa miguu kuelekea Shekilango kutafuta usafiri, begi la rekoda na hedifoni mgongoni. Nyuma ya kibanda cha chipsi kilichokwisha kufungwa akatokea mwanamume, akanishika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, akasema neno moja: "Tulia."

Nikatulia. Mdomo ulifunguka, nakumbuka hewa ikinipita kwenye meno, lakini sauti haikutoka. Mimi niliyeshinda kutwa nikirekodi ukelele wa mwenzangu! Bodaboda ikakata kona, taa ikatumulika, akaniachia, akaondoka zake. Hakukimbia hata. Alitembea.

Sikuibiwa chochote. Kilichoniuma wiki nzima hakikuwa yule mtu, bali ile sauti iliyogoma. Nikaisikiliza tena teki ya kumi na moja, nikampigia yule binti kumuuliza huwa anaitoa wapi. Akacheka: "Dada Maiki, si ulikuwepo? Kumi za kwanza zilikuwa mazoezi."

Ndiyo hivyo. Wiki iliyofuata nilijiandikisha kwenye karate. Miaka minne baadaye sensei wangu aliniachia darasa la akina mama la Jumamosi asubuhi, akidhani nitamrudishia zamu mwezi ujao. Mpaka leo hajarudi kulidai.

Mbona darasa la kwanza lote ni kupiga kelele? Mimi nilikuja kujifunza ngumi.

Hili ndilo lalamiko namba moja, na silibadilishi somo.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa sauti ya mwanamke haivuki ua. Ukicheka sana unaulizwa umelewa nini. Halafu tunategemea siku ya hatari sauti ije yenyewe, ya kwanza kabisa maishani, koo likiwa limekauka na magoti yanatetemeka! Sauti ni msuli kama msuli mwingine. Isipofanyiwa mazoezi haiji.

Darasani ninakuja na maiki yangu ya zamani na hedifoni, kila mtu anajisikia mwenyewe. Wengi hushtuka. Walidhani wanapiga kelele, kumbe wananong'ona kwa hasira. Kisha tunaanza: miguu iachane upana wa mabega, mkono mmoja tumboni, unavuta pumzi mpaka tumbo lisukume mkono, unatoa neno moja fupi. Ukelele mwembamba wa kooni nimeurekodi mara nyingi sana, na kwenye mtaa wa Dar unapotea: singeli ya kigodoro, honi za bajaji, watoto wanaocheza rede, wote wako huko huko juu. Sauti nzito ya tumboni, fupi kama amri, inapita katikati yao.

Maneno nayo yana uzito tofauti. "Usinisumbue" ni refu, linafia njiani, na zile s zinakula pumzi. "Niache" linaanza kinyonge. "ACHA!" linafungua mdomo wote tangu herufi ya kwanza. "TOKA!" linapiga kama mlango. Jaribu sasa hivi, jikoni kwako, halafu uwaambie majirani ni mazoezi.

Kuna faida nyingine, nayo huenda ni kubwa kuliko zote: aliyeshtuka hubana pumzi. Neno likitoka, hewa lazima iingie, na hewa ikiingia miguu inakumbuka kazi yake.

Si ni rahisi tu kupiga kelele za "mwizi"? Watu wanakuja mara moja.

Wanakuja, ndiyo, na mawe na matairi. Sote tumesoma habari za "wananchi wenye hasira kali". Neno hilo likishatoka huwezi kulirudisha, na umati haumuulizi mtu kitambulisho. Linaweza kumwangukia kijana aliyekuwa anapita tu, au kaka yako aliyekimbilia kukusaidia.

Sema kinachotokea. "Wewe mwenye fulana nyekundu, niachie mkono!" Hapo kila aliye karibu ameshajua nani ni nani. Kisha mchague mtu mmoja: "Kaka wa bodaboda, njoo hapa!" Hili nililijifunza seti. Dairekta akisema "jamani mtu azime feni", watu kumi wanatazamana na feni inaendelea. Akisema "Juma, feni", imezimwa.

Mapigano ya kwenye sinema yana ukweli wowote?

Yana ukweli kama ulivyo ukweli wa damu ya rangi ya chakula. Ngumi ya sinema inapita mbali na shavu, kamera imewekwa pembe ambayo huwezi kuiona nafasi iliyobaki, na anayepigwa ndiye anayefanya kazi kubwa kwa kugeuza shingo. Mlio haupo kabisa. Kofi nyingi mlizozisikia ni kiganja changu mwenyewe kwenye paja langu, saa saba mchana, chumba kimefungwa madirisha ili kuku wa jirani wasiingie kwenye rekodi.

Tatizo ni yale yanayobaki kichwani mwa mtazamaji. Anadhani ugomvi una zamu: mimi napiga, wewe unapiga. Anadhani adui hukaa mbali akijitambulisha. Anadhani ngumi ya kukunja ndiyo silaha, wakati mifupa ya vidole ni midogo na fuvu ni gumu. Mimi nafundisha kiganja wazi kwenye pua au kidevu, kiwiko, goti, kisigino juu ya vidole vya mguu wake, halafu mbio. Kwenye seti tulirudia mpaka mapigano yapendeze. Darasani nataka yaishe haraka, na yawe mabaya kuyatazama.

Lazima nijue karate kwanza?

Hapana, ingawa karate ndiyo iliyonilea na siwezi kuisema vibaya. Hapa mjini ina mizizi ya zamani: miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianzisha mafunzo ya Goju-Ryu, mtindo mmoja wa karate, Dar es Salaam, na dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Zanaki ikaitwa Hekalu la Kujilinda. Jina hilo nalipenda. Hawakuliita hekalu la kupigana.

Lakini karate inadai miaka, na wewe unapanda daladala kesho asubuhi. Kozi yangu ni Jumamosi nane. Ukitoka hapo huna mkanda wowote, una mambo saba au manane ambayo mwili wako umeyarudia mpaka yamechoka kukuuliza ruhusa.

Mfano mmoja, kwa kuwa wengi huniuliza kwa maandishi: umeshikwa kifundo cha mkono. Usivute nyuma kama unavyovuta ndoo kisimani, kwa sababu unashindana na mkono wake wote. Tazama kidole gumba chake kiko upande gani. Mshiko wowote ule una mlango, na mlango uko pale gumba linapokutana na vidole. Geuza mkono wako ubavu mwembamba uelekee huko, sogea karibu naye nusu hatua (ndiyo, karibu), kisha peleka kiwiko chako kuelekea kwake huku mkono ukichomoka kupitia mlango huo. Na unasema "ACHA!" wakati huo huo, si baada yake. Mara ya kwanza hutaweza. Mara ya thelathini utamtoka hata mume wangu, ambaye ni fundi seremala.

Kuna ushahidi kwamba mafunzo haya yanasaidia, au ni biashara tu?

Swali zuri, na ningependa liulizwe kwa kila mwalimu. Utafiti maarufu ni wa vyuo vikuu vya Kanada, uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la tiba la New England, ukiongozwa na Charlene Senn. Wanafunzi wa kike 893 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata mafunzo ya kujilinda, jingine lilipewa vipeperushi vya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vipeperushi walikuwa asilimia 9.8. Katika kundi la mafunzo, asilimia 5.2.

Angalieni lakini kilichofundishwa. Ngumi zilikuwa sehemu ndogo. Muda mwingi walijifunza kutambua hatari mapema, hasa kwa mtu wanayemfahamu, na kujiruhusu kusema hapana bila kujiona wakorofi. Majirani zetu Nairobi nao wamefundisha wasichana wa shule kwa mtindo wa namna hiyo, na kule Korogocho kuna mabibi vizee wanaojifunza kujilinda, wanapiga begi la mazoezi wakiwa wamefunga vitambaa vyao kichwani. Nikiwa na mwanafunzi anayeniambia umri umekwenda, huwa namtajia hao mabibi.

Na nikiganda kama wewe ulivyoganda?

Basi utakuwa umeganda, na si kosa lako. Mwili una breki zake usizozishika wewe. Stockholm walichapisha utafiti mwaka 2017 kuhusu wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa: asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Saba katika kila kumi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anauliza "mbona hakupiga kelele", muulize yeye angeipata wapi hiyo sauti.

Mazoezi hupunguza uwezekano. Mimi mwenyewe siwezi kukuhakikishia kwamba kesho nikishikwa sitaganda. Naweza kusema tu kwamba nina teki nyingi zaidi kuliko usiku ule.

Dada Maiki, kwenye daladala mtu ananibana makusudi. Nifanyeje bila kuzua tafrani?

Mpendwa, tafrani ameshaizua yeye. Kwanza geuka umtazame usoni. Wengi huishia hapo, maana wanategemea usigeuke. Akiendelea, sema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva: "Toa mkono wako kwenye mwili wangu." Usiseme "samahani". Usitabasamu. Tabasamu la aibu linatutoka bila kujua, ndiyo maana tunalifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kwenye mwendokasi asubuhi watu wamebanana kweli, na kuna anayekugusa bila kupenda. Huyo ukimwambia atasogea na kuomba radhi. Ndivyo utakavyowatofautisha.

Na wanaokwapua simu kwa bodaboda?

Mpe. Simu ni simu. Ukishindana na pikipiki inayokimbia unaburuzwa kwenye lami. Mkoba uvae upande wa mbali na barabara, simu usiichezee ukiwa ukingoni, na anayekutishia kwa panga mrushie anachokitaka upande mmoja, wewe kimbilia upande wa pili. Miaka ile ya hofu ya Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, nilipata wanafunzi wengi wa kiume waliotaka kujua namna ya kumnyang'anya mtu panga. Niliwafundisha kukimbia, nusu wakaacha darasa.

Vipi kama anayenipiga ni mtu wa nyumbani?

Hapa ndipo ninapoomba tukae chini. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 4 katika kila 10 wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupata kipigo tangu wakiwa na miaka 15, na kwa walioolewa mpigaji anayetajwa zaidi ni mume. Kibaka wa kichochoroni ndiye anayetutia hofu, lakini mara nyingi mkono unaotupiga tumeshauandalia maji ya kunawa.

Sitakudanganya kwamba kiwiko kinamaliza ndoa ya vipigo. Ukimzidi leo, kesho bado mna kitanda kimoja na ufunguo mmoja. Ninachofanya na wanafunzi wa namna hii ni mpango: nakala za vyeti na kadi za watoto ziwe kwa mtu unayemwamini, nauli iliyofichwa, neno la siri la kumtumia dada au jirani, na kujua mlango upi hutoka nje (jikoni ni mahali pabaya pa kubanwa, kuna visu na mafuta ya moto). Kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nitakusindikiza, nimewasindikiza wengi. Kituo kimoja, sitakitaja, mwanafunzi wangu aliambiwa arudi nyumbani wakayamalize kifamilia. Tulikwenda kingine siku hiyo hiyo. Usiruhusu kaunta moja ikuamulie.

Nikimuumiza aliyenivamia, si nitafungwa mimi?

Mimi si mwanasheria, lakini hili kila mwalimu wa kujilinda anapaswa kulijua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Sharti ni nguvu iwe ya kiasi kinachostahili tukio lenyewe. Kifungu cha 18C kinaeleza zile hali nzito ambazo haki hiyo inafika hata kwenye kifo cha mshambuliaji, kama vile hofu ya kweli ya kuuawa au kubakwa.

Kwa lugha ya darasani: ameniachia, nami naondoka. Ukimfuata aliyekwisha kuanguka ukamwongezea mateke matatu ya hasira, hayo matatu ni yako.

Mtu akishabakwa, hatua ya kwanza ni ipi?

Hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Za dharura za kuzuia mimba zinafaa ndani ya siku 5, nazo vilevile ni za kuwahi. Najua hamu ya kwanza ni kuoga, jizuie, ushahidi usipotee. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, plastiki huzifanya zioze. Polisi watakupa PF3, fomu ya kujazwa na daktari. Nenda na mtu, hata kama ni wa kukaa tu kimya pembeni. Kwa mtoto, namba ya simu ya msaada 116 ni bure.

Unafundisha wanaume? Watoto? Nije nimevaa nini?

Wanaume wana saa yao, baada ya akina mama. Watoto kuanzia miaka minane, mzazi awepo. Vaa nguo unayovaa kila siku, maana hutavamiwa ukiwa na tracksuit: dera, baibui, sketi ya ofisini, vyote tunavifanyia mazoezi. Hijabu tunakuonyesha namna ya kuibana ili isiwe kamba ya kukuvutia. Viatu vya visigino vilete, utajifunza kuvivua kwa sekunde moja. Ada tunaongea ana kwa ana; hakuna aliyewahi kurudishwa mlangoni kwa kukosa ada.

Bado unafanya filamu?

Mara moja moja, wakinikosesha usingizi wa Jumapili. Mwezi uliopita vijana fulani waliniita Tabata kuwashikia maiki kwenye filamu yao fupi. Kulikuwa na sini ya binti anayekabwa, na msanii alikuwa mgeni kabisa. Ukelele wake ulikuwa mwembamba kama filimbi. Dairekta akaanza kukata tamaa. Nikaweka fimbo chini, nikamwambia yule binti aweke mkono tumboni, aachane na ukelele, aseme "ACHA" tu.

Teki ya pili ikatoka safi. Haikutumika lakini, kwa sababu katikati yake mlango ulisukumwa akaingia mama wa nyumba ya jirani, mwiko mkononi, ugali bado umeuganda, nyuma yake vijana wawili wa bodaboda, anauliza ni nani anapigwa humu ndani.